UZI: Kuchati kwa maandishi ni darasa la lugha ya pili, tulitumie kwa mpango

Mwalimu_KandoYaZiwa (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Kila matokeo ya Kiswahili yakitoka huku Nyanza, lawama hurudi palepale: simu. Watoto wanachati, Kiswahili kimekufa. Mimi nafundisha Kiswahili hapa Kisumu, na wanafunzi wangu wengi nyumbani wanazungumza Dholuo, kwa hivyo Kiswahili kwao ni lugha ya pili, kwa wengine ya tatu. Leo nasema wazi: kuchati kwa maandishi, papo kwa papo, watu wawili au watatu, ndiyo njia bora niliyoiona ya kumtoa mwanafunzi mnyamavu kwenye ukimya hadi aongee.

Tazameni darasa la kawaida. Unauliza swali, mikono inayoinuka ni ileile, ya waliokulia mijini ambako Kiswahili ni lugha ya ploti nzima. Aliyetoka Seme au Nyakach analo jibu. Linalomkwamisha ni ngeli. Dholuo haina ngeli za namna ya Kiswahili, hivyo kila nomino inamdai upatanisho ambao lugha ya mama haikuwahi kumdai. Akiwa bado anapima kati ya "kiti yake" na "kiti chake," mwenzake ameshajibu. Hilo likimtokea mara kadhaa, mkono hauinuki tena.

Kwenye maandishi anaandika "kiti yake," anaitazama, anafuta, anaandika "kiti chake," ndipo anatuma. Huko kufuta ndiko kujifunza kwenyewe. Merrill Swain wa Kanada alilieleza hili tangu 1985. Aliwachunguza watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka, wanaelewa vizuri kabisa, lakini wakifungua kinywa sarufi inawayumba. Akasema kusikia na kuelewa hakutoshi. Mtu akilazimika kutunga sentensi yake mwenyewe ndipo anaona pengo liko wapi. Nikisoma hayo nawaona watoto wetu walivyo: wanamwelewa mtangazaji wa habari neno kwa neno, ukiwaambia wasimulie habari ileile wanainama.

Na kuna waliopima. Mwaka 1995 Richard Kern wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa Kifaransa waliojadili kwa mdomo na pia kwa kuandikiana kwenye kompyuta. Kwenye maandishi walichangia zaidi ya mara mbili ya walivyochangia kwa mdomo, na sentensi zao zikawa kati ya mara mbili na mara nne ya zile za mdomo. Mwaka uliofuata Mark Warschauer akalinganisha makundi madogo ya wanafunzi wa Kiingereza, akakuta kwamba kwenye maandishi mazungumzo yaligawanyika kwa usawa zaidi: wale ambao ana kwa ana walikuwa kimya walipata nafasi. Kern hakuficha upande wa pili. Alisema usahihi wa sarufi na mtiririko wa hoja havikunufaika sana. Hapo ndipo mpango wa mwalimu unapohitajika, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu. Karibuni, hata mnaopinga.

MzaziNakuru

Mwalimu, heshima yako. Mimi napinga. Binti yangu yuko sekondari, nimesoma meseji zake na wenzake. "Xaxa," "cjui," "2taonana." Nusu Sheng, nusu Kiingereza, na kinachobaki hakina irabu. Juzi ameandika insha ya barua rasmi na "xaxa" imo ndani, nimeona kwa macho yangu. Wewe unaniambia hilo ni darasa?

Mwalimu_KandoYaZiwa

Mama, uliloliona ni kweli na sitalipunguza. Anachofanya binti yako na marafiki zake ni mazungumzo ya marafiki, na hayo hayana mwalimu, hayana kazi, hayana anayejali kama sentensi imekaa. Hayatafundisha Kiswahili sanifu, kama vile kelele za uwanjani wakati wa mapumziko hazikifundishi.

Mimi nazungumzia gumzo lenye sharti. Kwenye kikundi chetu cha likizo neno huandikwa lote. Simu za wanafunzi nimewasaidia kuongeza kibodi ya Kiswahili. Gboard ya Google inayo, na bila hiyo simu inajaribu kugeuza kila neno liwe Kiingereza na mtoto anakata tamaa. Na siwaambii "chatini" halafu nikaondoka. Nawapa kitu cha kutafuta. Kwa mfano, wawili wanapanga safari ya kutoka Kisumu hadi Nakuru. Mmoja ana nauli na saa za matatu, Ahero, Kericho, Mau Summit. Mwingine ana pesa walizonazo, pamoja na orodha ya watu wa kusalimia njiani. Hakuna anayeweza kumaliza bila kuuliza mwenzake. Wataandika "unamaanisha nini?", "basi hilo linaondoka saa ngapi?", "pesa hizo hazitoshi." Hapo "hilo" na "hizo" zinatafutwa kwa sababu zinahitajika, mwenzako asipokuelewa mnalala Kericho.

Na mimi nikiwa ndani siandiki "kosa!" kwa herufi kubwa. Najibu nilichoulizwa, kwa umbo sahihi. Mfano wa kweli:

— Mwalimu simu yangu ameharibika.
— Pole sana. Imeharibika lini?
— Imeharibika jana, ilianguka kwa maji.

Ameona "imeharibika," ameichukua, na "ilianguka" amejitungia mwenyewe kwa kufuata njia hiyohiyo. Hiyo "kwa maji" niliiacha kwa siku nyingine. Ukisahihisha kila kitu mara moja, mtoto anaona nyekundu tu.

Kwa mdomo, neno langu la "imeharibika" lingepita na upepo. Kwenye skrini linabaki pale, chini kidogo ya "ameharibika" yake, anaweza kuyalinganisha hata saa moja baadaye.

NesiKakamega

Mwalimu, mimi nitasema kwa upande wa Kijerumani, maana huku Kakamega sasa kila anayemaliza uuguzi anauliza darasa la Kijerumani liko wapi, hasa tangu Kenya na Ujerumani watie saini ule mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024.

Darasani tulikuwa wengi na mwalimu mmoja. Kuzungumza ilikuwa zamu ya dakika chache. Kilichonisaidia ni kupata mwenzangu wa kubadilishana, mwanafunzi wa Ujerumani anayesoma Kiswahili chuoni. Wako wengi kuliko tunavyodhani. Bayreuth, Leipzig na Hamburg vyuo vikuu vinafundisha Kiswahili. Tunaandikiana nusu ya muda Kijerumani, nusu Kiswahili, na hatuchanganyi. Saa zenyewe hazisumbui, wao wako nyuma yetu kwa saa moja wakati wao wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, kwa hivyo jioni yangu ni jioni yake.

Jambo lililonitesa ni kitenzi kwenda mwisho. Nilikuwa naandika "weil ich habe Zeit" (kwa sababu nina muda), na yeye bila kunisuta anajibu akianza na "weil ich Zeit habe." Kwa mdomo sikuwahi kulisikia hilo, maneno ni yaleyale. Kwa macho niliona kitenzi kimehama. Na "der, die, das" hazikunitisha sana, kwa mtu aliyelelewa na Kiluhya na Kiswahili, nomino kuwa na kundi lake na kuburuta maneno mengine ni jambo la nyumbani.

Tahadhari moja kwa wanaojiandaa na mtihani: Mjerumani akichati anaandika nomino kwa herufi ndogo na "habe" inakuwa "hab." Ukiipeleka hiyo kwenye sehemu ya kuandika barua unapoteza alama. Mimi nilimwomba mwenzangu mapema aniandikie Kijerumani kamili, akakubali.

Omera_Kondele

Dada nesi, asante, hiyo ya kumwomba mapema nimeichukua. Mimi nataka kuongeza suala la pesa kwa sababu humu watu wanapendekeza masomo ya video kama vile bando inaota kwenye mti. Saa nzima ya kuchati haimalizi hata sehemu ndogo ya kile kinacholiwa na dakika chache za video. Mtu wa Kondele anayenunua bando ya siku anaweza kujifunza kila siku. Nina ndugu kisiwani Mfangano, huko mtandao unakuja na kwenda. Simu ya video ikikatika imekatika. Meseji inangoja, mtandao ukirudi inaingia.

NesiKakamega

Kweli kabisa, kaka. Na kwa kina dada wanaotafuta wa kubadilishana nao lugha mtandaoni: usitoe namba ya simu wiki ya kwanza, kaa ndani ya programu yenyewe. Anayeanza kuomba picha au pesa, au anayekuahidi viza, huyo hajaja kwa ajili ya lugha. Mzuie, uripoti, uendelee na mwingine. Kwa watoto wa shule mimi sishauri wageni kabisa, wabaki na wenzao na mwalimu wao.

MwalimuWaIshara (karibu na Mumias)

Nafurahi kuona uzi huu, na naomba niongeze historia ambayo wengi hawaijui. Nafundisha wanafunzi viziwi. Lugha yao ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, na Kiingereza cha kuandika kwao ni lugha ya pili kamili, yenye sarufi nyingine kabisa.

Njia hii mnayoijadili ilianzia kwa watu kama wanafunzi wangu. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, ambacho ni chuo cha viziwi, Trent Batson aliwakalisha wanafunzi wake kwenye kompyuta zilizounganishwa wakaandikiana Kiingereza darasani, wote pamoja na mwalimu wao. Mfumo huo ukaitwa ENFI. Fikirini maana yake. Mwanafunzi kiziwi alikuwa anakutana na Kiingereza kitabuni na kwenye insha inayorudi na alama. Hajawahi kukiona kikitumika kubishana, kutania, kuomba kalamu, kukatizana. Mtoto anayesikia hupata hayo yote bure, jikoni na sokoni. Kwa kiziwi, siku alipoandikiana na mwenzake papo kwa papo ndiyo siku Kiingereza kilipokuwa mazungumzo.

Baadaye walimu wa wanaosikia, na wa lugha za kigeni, wakaichukua njia hiyo. Nalisema hili kwa sababu shule za viziwi ndizo huachwa nyuma kompyuta zinapogawanywa, na zingestahili kuwa za kwanza.

Wanafunzi wangu wakichati najifunza mengi kuwahusu. Wanaacha viambishi vya wakati, kwa kuwa kwenye ishara wakati huonyeshwa kwa namna nyingine. Nikiwajibu kwa umbo kamili, ndani ya mazungumzo, wanalishika haraka kuliko nikiandika kanuni ubaoni.

Mwalimu_KandoYaZiwa

Mwalimu wa Mumias, ahsante sana. Nilijua jina la ENFI, ila hukumu yako kuhusu nani angestahili kuanza naiunga mkono kwa moyo wote. Ningeomba siku moja ufungue uzi wako peke yako.

Mbukusu_wa_Bungoma

Nimesoma yote kwa makini. Swali langu ni moja. Sisi huku shida yetu ni ulimi. Mtu anaandika "baba" vizuri, akisema unasikia "papa." Ndugu zetu Wajaluo wanaandika "shamba," wanasema "samba." Kuandika kutaponya hilo vipi? Naona mwanafunzi atakuwa hodari wa kuandika na kwenye mahojiano ya kazi bado atachekwa.

Mwalimu_KandoYaZiwa

Ndugu yangu, matamshi hayaponi kwa kuandika, na mwalimu atakayekwambia yanapona anakudanganya. Matamshi yanahitaji sikio na mdomo. Ninachopinga ni dhana kwamba kuongea ni matamshi tu.

Kabla sauti haijatoka, mtu ameshafanya kazi kubwa kichwani: amechagua la kusema, ametafuta maneno, ameyapanga, ameyapatanisha. Kuchati kunafanya kazi hiyo yote, kasoro sauti. Watafiti Payne na Whitney walilijaribu kwa wanafunzi wa Kihispania, wakachapisha mwaka 2002. Kundi moja lilikutana ana kwa ana saa zote nne za wiki. Jingine saa mbili kati ya hizo nne lilizitumia kwenye chumba cha gumzo, likiandika. Walipopimwa kwa kuongea, waliokuwa wakiandika nusu ya muda ndio walioendelea zaidi. Waliongea zaidi, ingawa walikuwa wameongea kidogo darasani. Maelezo yao moja ni kwamba kwenye skrini maneno yanabaki, kwa hivyo mtu asiye na kumbukumbu ya haraka habebi mzigo wote kichwani.

Ila tazama: nusu ya muda. Hawakufuta mazungumzo ya mdomo. Mimi nami sifuti. Wakimaliza kuchati kuhusu safari ya Nakuru, wanageuka, simu chini, wanayasema mazungumzo yaleyale kwa mdomo bila kusoma. Hapo ndipo "samba" inatoka na hapo ndipo ninaishughulikia, kwa sababu sasa hapambani na ngeli, msamiati na "sh" kwa wakati mmoja. Na mara nyingine maandishi yanakuonyesha shida ya sikio pia. Mwanafunzi akiandika "sirika" mahali pa "shirika," huyo hana tatizo la ulimi tu, hajaisikia tofauti ya "s" na "sh" kwenye neno lile. Nisingelijua kama angenisomea tu.

Mbukusu_wa_Bungoma

Hiyo ya kugeuka na kusema bila kusoma imenikaa. Nitajaribu.

KijanaWaNjoro

Samahani walimu wangu, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kwa nini nisichati na akili unde? Iko macho usiku wa manane, haichoki, hainicheki, na haitaki viza wala picha. Najifunza Kichina hivyo.

Mwalimu_KandoYaZiwa

Itumie, kijana wangu. Kwa mtu mwenye haya ni mahali pazuri pa kuanzia, na kwa Kichina, ambako kuna alama nyingi za maandishi za kuzoea kuziandika, mazoezi ya kila siku ni lazima. Lakini sikiliza hofu yangu.

Ukiiandikia sentensi iliyovunjika, inakisia ulichotaka na inajibu vizuri. Inakuelewa kupita kiasi. Binadamu hakuelewi. Anaandika "sijakupata," na wewe unalazimika kuisuka sentensi upya, kwa maneno mengine, mpaka ashike. Michael Long, aliyefanya kazi ya miaka mingi kuhusu mazungumzo ya wajifunzao lugha, alitilia mkazo mahali hapohapo: pale wawili wasipoelewana na wakahangaika kuelewana ndipo lugha inapokua. Mashine inakuondolea hangaiko hilo. Unaweza kuiamuru: "usikisie, niulize ukiona sentensi yangu haieleweki." Inasaidia kiasi. Kwa Kiswahili, angalia upatanisho wake, mara nyingine unateleza, na mwanafunzi hana namna ya kujua.

Mtafute pia mtu.

MzaziNakuru

Mwalimu, nimerudi. Nimemwonyesha binti yangu ule mfano wa safari, akasema angependa kujaribu na binamu yake wa Kisii. Nimeelewa tofauti unayoisema. Ila umesema "kikundi." Kikundi cha WhatsApp cha darasa lao kina watu zaidi ya arobaini na ni vurugu tupu, huwezi kujua nani anamjibu nani.

Mwalimu_KandoYaZiwa

Mama, umegusa penyewe. Watu arobaini kwenye gumzo moja hawajifunzi lugha. Mmoja anauliza, kabla hajajibiwa meseji kumi zimeingia katikati, na masahihisho ya mwalimu yanatua mbali na kosa. Kikundi kikubwa nakitumia kwa matangazo tu. Kuchati kwenyewe ni wawili wawili, nami napita kuangalia. Binti yako na binamu yake wanatosha kabisa. Wape dakika ishirini, wasizidishe, halafu wayasome tena mazungumzo yao kuanzia juu wakitafuta sentensi tatu za kuboresha. Wasiruke sehemu hiyo.

MwalimuMgeni_Siaya

Walimu, nimechelewa kuingia. Shule yetu ni ya bweni, simu haziruhusiwi, kompyuta ni chache na intaneti ni ya ofisi ya mwalimu mkuu. Haya yote yananihusu vipi?

Mwalimu_KandoYaZiwa

Yanakuhusu sana, ndugu. Zile kompyuta za Berkeley ziliunganishwa zenyewe kwa zenyewe, gumzo halikupitia intaneti. Mkiwa na kompyuta chache na kifaa cha kuziunganisha, mwalimu wa kompyuta anaweza kuwawekea gumzo la ndani ya chumba.

Hata hizo zisipokuwepo, tumia karatasi. Wanafunzi wawili, karatasi moja, kalamu za rangi mbili, kimya kabisa. Huyu anaandika mstari, anamsukumia mwenzake, anajibiwa. Kazi ni ileile ya kutafuta kitu ambacho mwenzako anacho. Kufuta hairuhusiwi, unakata kwa mstari mmoja ili mimi nione ulianza na nini. Hicho hata simu haikupi. Haraka inapungua kidogo kuliko kwenye skrini, lakini mambo makubwa yapo: kuna mtu anangoja jibu, na neno linabaki mbele ya macho.

Kusahihisha usijiue. Mimi sipigi mstari kila kosa. Nachagua kosa moja linalojirudia kwenye karatasi nyingi, wiki hii ni "-enye" na "-ote," naliandika ubaoni pamoja na mistari yao wenyewe bila majina, wanalijadili, wanarudia karatasi zao na kurekebisha. Karatasi za darasa langu ninazo hapa. Jumapili jioni nitafunika majina, nizipige picha niziweke chini ya uzi huu, nawe ukipata za kwako uziweke, tuone kama watoto wa Siaya wanakwama palepale au kwingine.